Dawa Inayongoja Joto la Mwili

(Maelezo haya yalitangazwa redioni katika kipindi cha kila wiki. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita nilikwenda kumchukulia mama yangu mzazi dawa ya kisukari katika duka moja la dawa hapa Dar es Salaam. Ilikuwa kiasi cha saa nane mchana. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, feni imesimama, na binti aliyekuwa nyuma ya kaunta alikuwa akijipepea kwa kipande cha boksi. Aliniamkia, nikaitikia, nikampa karatasi ya daktari. Alipokuwa akiitafuta dawa, nikaokota boksi la vidonge lililokuwa mezani, nikalisoma ubavuni. Limeandikwa kwamba dawa hiyo ihifadhiwe katika joto lisilozidi nyuzi 25 za Sentigredi. Ukutani, juu ya kichwa cha binti yule, kulikuwa na kipimajoto kidogo cha plastiki. Kilisomeka nyuzi 33.

Nikamwonyesha boksi, kisha nikamwonyesha ukuta. Akacheka kidogo. "Baba," akasema, "hilo boksi limeandikwa Ulaya."

Wakati ule niliyachukua maneno hayo kuwa mzaha. Nilipofika nyumbani nikayafikiria upya, kwa sababu wiki hiyo hiyo nilikuwa nikisoma habari za dawa za namna ya pekee kabisa. Ni dawa zinazobebwa ndani ya kitu ambacho kikiwa baridi ni majimaji, na kikipata joto la mwili wa binadamu kinaganda. Daktari huidunga ikiwa majimaji, nayo ikishafika ndani huwa kama donge la jeli, ikakaa pale pale ilipowekwa na kuachia dawa kidogo kidogo. Wataalamu wamezishughulikia kwa zaidi ya nusu karne, na chache kati yake zimekwisha kuruhusiwa kutumiwa na wagonjwa. Leo nataka tuzitazame, halafu turudi kwenye kile kipimajoto cha ukutani.

Tuanze na swali la msingi: kwa nini dawa ihitaji kibebeo? Wengi wetu tumezoea kwamba unameza kidonge na kazi imekwisha. Kumbe kidonge kikishafika tumboni, dawa huingia kwenye damu kwa wingi, ikapanda, kisha ini na figo zikaanza kuiondoa, nayo ikashuka. Sisi wa pwani tunaweza kulielewa jambo hili kwa kutazama bahari. Maji hujaa, maji hupwa. Dawa ikijaa kupita kiasi huwa sumu: tumbo linachafuka, kichwa kinazunguka, figo zinaumia. Ikipwa sana, ugonjwa unapata nafasi ya kupumua. Ndiyo sababu tunaambiwa kutwa mara tatu, au kila baada ya saa nane, ili maji yasipwe kabisa kabla hayajajaa tena. Na ndiyo sababu mgonjwa anayesahau dozi moja hujikuta mchangani.

Dawa inayoachiwa taratibu inataka kuondoa kujaa na kupwa huko. Jambo lenyewe si geni kwetu. Akina mama waliopanga uzazi katika miaka ya tisini wanavikumbuka vijiti vya Norplant, vilivyoruhusiwa kwanza nchini Finland mwaka 1983. Vilikuwa vifuko sita vyembamba vya silikoni vilivyowekwa chini ya ngozi ya mkono, navyo viliachia homoni kidogo kidogo kwa miaka mitano. Silikoni ile ni polima, yaani kitu kilichofanyika kwa minyororo mirefu ya molekuli ndogo zinazojirudia, mfano wa tasbihi yenye shanga maelfu. Plastiki za mifuko ni polima. Wanga wa muhogo ni polima, na pamba ni polima. Kwa hiyo tusilishangae neno hili. Tunalivaa na tunalila.

Lakini vijiti vilikuwa na usumbufu wake. Ngozi ilibidi ichanwe ili viingie, na ichanwe tena ili vitoke. Hapo ndipo wataalamu walipojiuliza: je, haiwezekani kuwa na polima inayopita kwenye sindano kama maji, halafu ikawa kigumu ndani ya mwili yenyewe, bila kisu?

Hebu sasa twende jikoni. Kila mtu anayajua mafuta ya nazi. Hapa Dar es Salaam yanamiminika mwaka mzima. Yapeleke Njombe au Nairobi mwezi wa Julai, utayakuta yameganda kwenye chupa kama nta, na itabidi uyaote jua ndipo yatoke. Samli ni hivyo hivyo. Hiyo ndiyo kawaida ya vitu vingi: joto huyeyusha, baridi hugandisha. Polima tunazozizungumzia zinakwenda kinyume. Baridi inaziyeyusha, joto linazigandisha.

Utasema, mbona yai nalo hugandishwa na joto, na uji huwa mzito ukikaa motoni? Kweli. Lakini yai likishaiva, liweke kwenye barafu mwaka mzima, halitarudi kuwa bichi. Polima hizi zinarudi. Ukiipoza jeli inakuwa majimaji tena, ukiipasha inaganda tena, mara mia ukitaka.

Siri yake inafanana na ya sabuni. Molekuli ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia na kupenda mafuta. Ndiyo maana inaweza kushika mafuta kwenye sahani na kuyapeleka na maji. Polima hizi nazo zina sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyachukia. Kukiwa na baridi, molekuli za maji hutulia na kujipanga kuzizunguka hata zile sehemu zisizoyapenda, mnyororo ukaelea umenyooka. Joto likipanda, molekuli za maji huanza kuhangaika, zikaachia na kwenda zake. Sehemu zinazochukia maji, zikishaachwa wazi, hukimbiliana na kujikusanya pamoja. Minyororo iliyokuwa ikielea kila mmoja peke yake hushikana, na kilichokuwa majimaji kikawa kizito. Dawa iliyokuwemo hubaki imenaswa kati yake.

Cha ajabu ni kwamba badiliko hili halitokei polepole kwa nyuzi nyingi. Kwa polima nyingine linatokea katika nyuzi moja au mbili tu. Inayojulikana zaidi ilielezwa mwaka 1968 na Heskins na Guillet, watafiti wa Kanada. Jina lake kamili ni refu kama treni ya mizigo, kwa hiyo wenyewe huiita PNIPAM, nasi tuwafuate. Katika maji, PNIPAM hubadilika kwenye nyuzi 32 hivi. Ukumbuke namba hiyo, tutaihitaji baadaye. Joto la ngozi ya mwanadamu liko karibu na hapo, na joto la ndani ya mwili ni nyuzi 37. Unaweza kuona kwa nini watafiti waliipenda: kana kwamba maumbile yalikuwa yamepima mwili wetu kabla.

Naomba nitoke kidogo kwenye barabara kuu nikueleze walichofanya Wajapani na PNIPAM hiyo, kwa sababu kinapendeza. Profesa Teruo Okano na wenzake wa Tokyo waliipaka chini ya visahani vya kuoteshea seli. Kwenye nyuzi 37 seli hushika na kukua. Ukikipoza kisahani hadi nyuzi 20 hivi, polima inanyonya maji, na seli zinaachia zenyewe zikiwa karatasi moja nyembamba, bila kukwanguliwa. Mwaka 2004 madaktari wa macho nchini Japani waliripoti kwamba walichukua seli za ndani ya kinywa za wagonjwa wanne, wakaziotesha kwa njia hii, wakazipandikiza kwenye macho yao yaliyokuwa yameharibika kioo cha mbele, na wagonjwa wakaona vizuri zaidi.

Kama kibebeo cha dawa cha kudungwa, hata hivyo, PNIPAM ina walakini. Mwili hauwezi kuivunja, na kemikali inayotengenezewa ni sumu kama ikibaki humo bila kuunganishwa. Kwa hiyo kwa dawa, wataalamu wengi walielekea kwingine, hasa kwenye polima iitwayo poloksama 407, ambayo viwanda vimeitengeneza kwa miaka mingi. Ikichanganywa na maji kwa kiasi cha sehemu moja kwa tano hivi, ni majimaji kwenye friji na ni jeli kwenye kiganja cha mkono. Joto lake la kuganda, kutegemea imechanganywa nzito au nyepesi, huwa kati ya nyuzi 20 na 30 hivi.

Sasa tuone imemfaa nani.

Kuna saratani inayoota ndani ya figo, pale mkojo unapokusanyika, au kwenye mrija unaoushusha mkojo kwenda kwenye kibofu. Si saratani ya kawaida sana, lakini inayempata huwa kwenye mtihani mgumu. Dawa ya kuiua iko, inaitwa mitomaisini, nayo imetumika kwa miongo mingi kwa saratani ya kibofu. Tatizo ni mahali. Kibofu ni mfuko. Mgonjwa anaweza kubana mkojo saa mbili, dawa ikakaa. Figo haibani. Mkojo unatiririka usiku na mchana, na dawa ukiiweka pale ikiwa maji husombwa baada ya dakika chache. Kwa sababu hiyo, wagonjwa wengi, hata wale ambao saratani yao ilikuwa ya pole, waliishia kuondolewa figo nzima pamoja na mrija wake. Mwenye figo mbili anaweza kuishi na moja. Lakini wengi wa wagonjwa hawa ni wazee, na wapo ambao figo ya pili nayo ilikwisha kuchoka.

Mwezi wa Aprili mwaka 2020, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mitomaisini iliyochanganywa katika jeli ya namna tunayoizungumzia. Inauzwa kwa jina la Jelmyto. Huletwa kwa mgonjwa ikiwa imepozwa kwenye barafu, na daktari huipitisha kwenye mrija mwembamba hadi ndani ya figo ingali inamiminika. Humo inapata nyuzi 37, inaganda, inachukua umbo la kona zote za mahali pale, na kukaa. Mkojo unaendelea kupita huku ukiimumunya taratibu, kwa saa nne hadi sita, mpaka inakwisha yote. Mgonjwa hufanyiwa hivyo mara moja kwa wiki, wiki sita. Katika majaribio ya wagonjwa 71, karibu sita katika kila kumi walikutwa uvimbe hauonekani tena matibabu yalipomalizika. Figo zao zilibaki mahali pake.

Sitaki kuipamba habari hii. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walipata tatizo la mrija wa mkojo kuziba au kuwa mwembamba, na baadhi iliwabidi wawekewe kijibomba cha kuuzibua. Bei yake nayo, maelfu ya dola kwa kila dozi, inaiweka mbali na mfuko wa mtu wa kawaida hata huko Marekani kwenyewe, sembuse huku. Lakini jambo limethibitika: joto la mwili peke yake, bila mashine, linaweza kuishika dawa mahali ambapo zamani ilisombwa na maji.

Kabla ya hiyo, Desemba 2015, FDA ilikuwa imeruhusu dawa ya masikio ya watoto kwa njia hiyo hiyo. Mzazi yeyote aliyewahi kumtia mtoto matone ya sikio mara mbili kwa siku, huku mtoto akirusha miguu na majirani wakidhani anapigwa, ataelewa maana ya dozi moja inayowekwa na daktari mara moja tu wakati mtoto akitiwa vijibomba vya sikio hospitalini, halafu ikaganda na kukaa.

Kama nilivyosema, poloksama inayeyuka baada ya saa chache au siku chache. Kwa ugonjwa wa wiki au miezi haifai. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wakiwa na Profesa Sung Wan Kim, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wametengeneza polima inayobadilika kwa joto na ambayo pia mwili unaivunja wenyewe, ikageuka kuwa vitu vidogo visivyodhuru. Sehemu yake moja ni ya ukoo mmoja na nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe, zile ambazo mama aliyejifungua kwa upasuaji huambiwa hazihitaji kutolewa. Jeli za namna hii zinaweza kukaa mwilini kwa wiki kadhaa.

Matumaini yalikuwa makubwa. Dawa ya saratani iitwayo paklitakseli ilitiwa ndani ya jeli ya ukoo huu na kudungwa moja kwa moja kwenye uvimbe wa umio, yaani koo la chakula. Naitaja kwa sababu saratani ya umio ni ugonjwa wa kwetu: ukanda mzima wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Bonde la Ufa nchini Kenya hadi Malawi, unaijua vizuri mno. Kwa bahati mbaya majaribio hayakuonyesha manufaa yaliyotarajiwa, na mradi ukaachwa. Dawa ilikaa mahali ilipowekwa, kama ilivyokusudiwa. Uvimbe ndio uliokataa kutii.

Kuna njia nyingine, ambayo binadamu haungoji mwili bali anaupasha mwenyewe. Kibebeo hutengenezwa kisifunguke kwenye nyuzi 37, bali kwenye nyuzi 40 au 42. Kinadungwa kwenye mshipa, kinazunguka mwili mzima kimefungwa, kisha daktari anapasha joto sehemu yenye uvimbe tu, nacho kinafunguka hapo. Iliyofika mbali zaidi katika njia hii haikuwa polima bali vipovu vidogo vya mafuta vilivyobeba dawa ya saratani iitwayo doksorubisini, kwa ajili ya saratani ya ini. Wagonjwa 701 waliingizwa kwenye jaribio la kwanza kubwa. Matokeo yaliyotangazwa Januari 2013 hayakuonyesha kwamba waliopata vipovu walikuwa na nafuu zaidi. Jaribio la pili, la wagonjwa 556, nalo halikufua dafu mwaka 2020.

Nilipozungumzia jambo hili wiki moja iliyopita, msikilizaji mmoja wa Tanga aliniuliza swali ambalo sijaliona kwenye makala za wataalamu niliyosoma. Aliuliza: mgonjwa akipata malaria, homa ikafika nyuzi 40, hicho kibebeo si kitafunguka mwili mzima? Ndugu yangu, umeuliza vema. Homa kali na joto lililopangwa kukifungua vinakaribiana sana. Ukipanga kifunguke juu zaidi ili kukwepa homa, itabidi uupashe uvimbe zaidi, na nyama iliyo jirani inaanza kuungua. Nafasi iliyopo ni nyuzi mbili au tatu tu. Mtu anayetengeneza dawa hii mahali ambapo watu hawajui malaria anaweza asiwe na haraka ya kuliwaza hilo.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye duka la dawa.

Ujanja wote wa dawa hizi umekaa kwenye pengo kati ya joto la chumba na joto la mwili. Huko zinakotengenezwa, "joto la chumbani" maana yake ni nyuzi 20 hadi 25. Mpaka 37 kuna nyuzi kumi na mbili au zaidi, na mtengenezaji ana nafasi ya kutosha ya kupanga jeli yake igande kwenye 28 au 30. Hapa Dar es Salaam mwezi wa Februari mchana ni nyuzi 32. Mombasa mwezi wa Machi ni hivyo hivyo au zaidi. Ndugu zetu walioko Maskati wanajua kwamba Juni inapita 40, yaani nje ya mwili kuna joto kuliko ndani. Jeli iliyopangwa kuganda kwenye nyuzi 28, katika chumba kile cha binti wa duka la dawa, ingekuwa imeganda kwenye chupa kabla mgonjwa hajafika. PNIPAM yenye nyuzi zake 32, niliyokuomba uikumbuke, isingejua kama iko mwilini mwa mtu au iko kwenye rafu.

Mtu ataniambia, iweke kwenye friji. Sawa, na ikiganda ukiipoza inarudi kuwa majimaji. Lakini kati ya friji na mgonjwa kuna bomba la sindano, kuna mkono wa muuguzi, kuna mrija unaopita ndani ya mwili wenye joto. Hata katika hospitali zenye kila kitu, jeli huweza kuganda njiani na kuziba mrija ikiwa daktari amechelewa. Zile za Utah nazo, kwa kuwa zimeumbwa zivunjwe na maji, zikikaa na maji kwenye joto huanza kuvunjika chupani, kwa hiyo zinataka baridi mpaka siku ya kutumika. Dawa iliyobuniwa kumpunguzia mgonjwa safari za hospitali inaidai hospitali friji isiyozimika.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kuugawa ulimwengu kwa hali ya hewa ili dawa zipimwe ipasavyo. Kwa nchi zenye baridi na joto la wastani dawa hupimwa uimara wake kwenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. Kwa nchi za joto jingi na unyevu mwingi kipimo ni nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Kwa kidonge hilo linatosha: unataka kujua kitadumu miezi mingapi. Kwa jeli ya joto kuna swali la pili, kwamba siku ya kutumiwa, katika chumba cha nyuzi 32, itapita kwenye sindano? Kulitatua si muujiza. Ukipunguza kiasi cha poloksama, au ukiichanganya na ndugu yake mwepesi, joto la kuganda linapanda. Unaweza kuifikisha kwenye 34 au 35. Inakubali. Ila lazima awepo mtu mezani, wakati wa kupanga, atakayesema kwamba chumba chetu si chumba chenu. Kubadili namba baada ya dawa kuruhusiwa ni kuanza majaribio upya.

Mama yangu hudungwa insulini mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, naye hajaizoea sindano hata leo. Kwa hiyo nilisoma kwa hamu kwamba watafiti walitia insulini kwenye jeli ya namna ya Utah, wakawadunga panya mara moja, na insulini ikaendelea kutoka kwa siku nyingi, hadi kufikia wiki mbili hivi. Nikajiona nampelekea habari njema. Halafu nikakumbuka siku alizotapika usiku kucha na hakula kitu. Sindano ya asubuhi tuliweza kuipunguza kwa ushauri wa daktari. Insulini ya wiki mbili iliyokwisha kuganda chini ya ngozi utaipunguzaje? Pia jeli nyingi zina tabia ya kumwaga dawa nyingi siku ya kwanza kabla hazijatulia, na kwa insulini kumwaga huko kunaweza kumpeleka mgonjwa kwenye kuzimia. Hadi leo hakuna jeli ya joto ya insulini iliyoruhusiwa kwa binadamu. Insulini ya mara moja kwa wiki ilikuja kuruhusiwa katika nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2024, lakini kwa njia nyingine kabisa: molekuli yenyewe ilirekebishwa ili ishike protini iliyomo kwenye damu na kuachia polepole.

Kuhusu insulini ya kawaida niongeze neno, kwa kuwa wengi mnaniandikia kuuliza. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dadaab, Kenya, wakakuta linakwenda kati ya nyuzi 25 na 37 usiku na mchana. Wakaiweka insulini katika joto la kupanda na kushuka namna hiyo kwa wiki nne, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2021 yalionyesha kwamba haikupoteza nguvu ya kutia wasiwasi. Hiyo ni kwa chupa inayotumika, kwa wiki nne. Akiba ya miezi bado inataka friji, na kabla ya kubadili chochote muulize anayekutibu.

Ile chupa niliyopewa siku ile ilikuwa ndani ya friji iliyozimika, imezungushiwa gazeti na chupa mbili za maji yaliyokuwa yamegandishwa usiku. Nilipoishika ilikuwa bado baridi. Nilimuuliza binti nani alimfundisha. Akasema hakuna aliyemfundisha. Umeme ukikatika huangalia saa, na baada ya saa nne hutuma mtu kununua barafu kwa wauza samaki. Nilimuuliza pia kama anaandika mahali popote joto la friji na la duka. Akanionyesha daftari. Kila siku asubuhi na alasiri, tarehe, saa, nyuzi, kwa kalamu ya bluu, kurasa na kurasa. Nikamuuliza nani hulisoma. Akasema tangu aanze kuandika, mimi ndiye wa kwanza kuliomba.